Nikiwa Japani, nitaingiaje kwenye ghala la magari ya zamani la kiwanda?

*Swali:* Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa ufundi magari katika chuo kimoja hapa Dodoma. Mwezi wa kumi nakwenda Nagoya, Japani, kwa mafunzo ya wiki kadhaa, na siku chache nitakuwa huru. Nimesikia kwamba Nissan wana ghala la magari yao ya zamani mahali panapoitwa Zama, na kwamba si la kila mtu. Je, mtu wa kawaida anaingia? Na fundi kama mimi nitafaidika nini kutazama gari lililozungushiwa kamba, ambalo hata boneti siruhusiwi kufungua? Wenzangu wananicheka, wanasema hela hiyo ninunue spea. (Mwalimu, Nkuhungu)

*Jibu:* Marahaba, mwalimu. Hongera kwa safari.

Nianze na Zama kwa kuwa ndiko roho yako iliko. Ndiyo, mtu wa kawaida anaingia, ila haingii kwa kufika getini na kujieleza. Anaomba nafasi mapema kupitia tovuti ya Nissan, anapangiwa siku na saa, na akifika anatembezwa kwa kundi na mwenyeji wa pale. Kiingilio hakuna. Kinachokuwa adimu ni nafasi, kwa sababu Wajapani wenyewe wanazigombea. Wapenzi wa magari ya Nissan ya Skyline na Fairlady kule wana ushabiki ule ule wa Simba na Yanga hapa kwetu. Kwa hiyo usisubiri ufike Nagoya ndipo uanze kutafuta. Anza kufuatilia ukiwa Dodoma, na utazame kalenda yao kabla hujakata tiketi ya treni, maana siku za kutembeza watu wanazipanga wao, nazo huenda zisikutane na mapumziko yako.

Zama ni mji wa mkoa wa Kanagawa, kusini-magharibi mwa Tokyo. Nissan walikuwa na kiwanda pale tangu miaka ya 1960, na mwaka 1995 wakaacha kuunda magari mahali hapo. Katika jengo la kiwanda hicho ndimo walimopanga magari yao, karibu 300, kuanzia Datsun ndogo (Datsun ni jina la zamani la magari ya Nissan) za miaka ya 1930 hadi magari ya mashindano. Ndiyo maana watu huliita ghala. Magari yamekaa kwa mistari, pua zote upande mmoja, bila mapambo mengi. Mimi binafsi napenda mpangilio huo kuliko makumbusho yenye taa za jukwaani. Makumbusho ya namna hiyo yanakuchagulia gari moja na kukusimulia habari zake. Kwenye mstari kama wa Zama unaona vizazi vya gari lile lile vimesimama bega kwa bega, na kazi ya kulinganisha unafanya mwenyewe: tairi zimekua kiasi gani, chini kumepanda au kumeshuka, bampa imehama kutoka chuma hadi plastiki kwenye toleo lipi. Sunny ya kwanza ni ya mwaka 1966. Ukimaliza kuitazama, geuza macho kwenye Sunny zilizofuata, uone jinsi kiwanda kinavyobadili mawazo kidogo kidogo.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, dereva aliyekuwa akiishi Kenya, alishinda mbio za magari za East African Safari akiwa na Datsun Bluebird. Mwaka uliofuata akashinda tena, safari hii na Datsun 240Z. Mashindano hayo yalikatiza Kenya, Uganda na Tanzania, kwenye barabara ambazo mvua ya masika ilizigeuza tope na jua likazigeuza vumbi. Mwaka 1973 akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na 240Z, kisha akarudia mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 akiwa na Datsun na Nissan za aina ya Violet. Gari la Herrmann la 1971 limehifadhiwa, na mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan wenyewe walilifufua. Mtalii wa Ulaya akifika mbele ya gari lile anaona kombe. Wewe tazama limekingwa wapi na limeongezewa nini, kisha ujiulize kwa nini hapo na si pengine. Vumbi letu limefundisha viwanda vya watu mambo mengi ambayo hatukuyatoza ada.

(Kwa kuwa tumegusa Safari: mshindi wa mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Tanzania, na gari lake lilikuwa Peugeot 404. Wazee wa Dodoma waliopanda teksi na pikapu za 404 hawatashangaa. Historia hiyo wanaitunza Peugeot wenyewe kwenye makumbusho yao ya Sochaux, Ufaransa, kwa hiyo itasubiri safari nyingine.)

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito. Gari limezungushiwa kamba, boneti imefungwa, fundi anajifunza nini?

Fundi wa gereji anajua gari linavyokufa. Anajua kabisa kwamba modeli fulani itaanza kulia difu, nyingine itapasua silinda hedi, ile nyingine itakatika springi za nyuma ikipita njia ya Kondoa. Kisichomfikia ni jinsi gari lilivyozaliwa: nani aliamua springi iwe hivyo, alikuwa anakimbia tatizo gani, na alikuwa na hela kiasi gani. Mkusanyiko wa kiwanda ndiyo sehemu pekee ambako upande huo wa pili umewekwa wazi. Lakini unamfaa tu mtu aliyekuja na maswali yake. Asiyekuwa nayo anapiga picha, anasema mazuri, anatoka. Kwa hiyo boneti isikutie huzuni. Boneti unafungua kila siku hapa.

Hapo ndipo ninapokwambia jambo ambalo huenda hukulitarajia: sehemu itakayokufaa zaidi haiko Zama. Iko Nagoya hapo hapo unakokwenda, kituo kimoja cha treni kutoka stesheni kuu.

Ni makumbusho ya viwanda na teknolojia ya Toyota, yaliyofunguliwa mwaka 1994 ndani ya majengo ya matofali mekundu ya kiwanda cha zamani cha nguo. Unapanda treni ya Meitetsu, unashuka Sako, unatembea dakika chache. Watu wengi wanapita nusu ya kwanza ya jengo haraka kwa sababu ni mashine za kufuma vitambaa, nao wamekuja kuona magari. Wewe usipite. Sakichi Toyoda, baba wa aliyeanzisha kampuni ya magari, alikuwa mtu wa mashine za kufuma. Mwaka 1924 walikamilisha mashine iliyoitwa Aina G: uzi ukikatika, inasimama yenyewe. Wahudumu watakuwashia mashine, watakata uzi mbele ya macho yako, nayo itasimama. Hapo simama kidogo na wewe. Kanuni utakayohubiriwa kwenye mafunzo yako yote, kwamba kasoro ikionekana kazi isimame pale pale isije ikapitishwa kwa mtu wa mbele, haikuzaliwa kwenye gari. Imezaliwa kwenye uzi. Mwaka 1929 waliwauzia Platt Brothers wa Uingereza haki ya mashine hiyo kwa mkataba wa pauni 100,000, na kutoka huko mwana wa Sakichi, Kiichiro, akaingia kwenye utafiti wa magari.

Nusu ya pili ndiyo ya magari, na hapa ndipo ninapotaka utumie muda. Kiichiro hakuanza kwa kubuni. Alinunua Chevrolet ya mwaka 1933, akaifungua yote, akaanza kuiga injini yake kipande kwa kipande. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kusubu (yaani kumimina chuma kilichoyeyuka) bloku ya silinda, chuma chembamba chenye matundu ya maji ndani yake, kwa mchanga na kalibu. Bloku nyingi ziliharibika kabla hawajapata moja ya kufaa. Injini ya kwanza ilipokamilika mwaka 1934, ikatoa nguvu pungufu kuliko Chevrolet waliyoiiga. Wakabadili silinda hedi, ndipo ikapanda. Hiyo ndiyo Aina A, silinda sita, sentimita za ujazo 3,389. Mwaka 1935 ilifungwa kwenye gari la majaribio A1 na kwenye lori G1, na mwaka 1936 kwenye gari la abiria AA.

Kiichiro alitaka pia sehemu nyingi za magari yake ziingiliane na spea za Chevrolet na Ford, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa zikipatikana Japani wakati ule. Soma sentensi hiyo tena ukiwa umeketi chini ya mwembe wa gereji yoyote ya Kizota. Kampuni ambayo leo spea zake zinaingiliana na nusu ya magari ya nchi hii ilianza kwa kuhakikisha magari yake yanakubali spea za mwenzake. Na lile lori la G1 lilikuwa likiharibika njiani mara kwa mara, hata mwanzoni wakaona waliuze karibu na nyumbani ili fundi afike upesi. Haya hayasemwi na washindani wao. Yamewekwa hapo na Toyota wenyewe, na kwa hilo nawaheshimu.

Upande huo huo utaona kusubu na kufua chuma vikifanywa hadharani kwa kiwango kidogo, utaona mashine ya kukandamiza bati ya tani 600, na injini na gia boksi zilizokatwa ubavu ili uone ndani. Hiyo ndiyo boneti uliyokuwa ukiililia. Kwa mwalimu, injini iliyokatwa ina thamani kuliko gari zima linalong'aa. Tazama walivyoikata: wamepitisha msumeno wapi, wameacha nini, wamepaka rangi gani njia ya mafuta na rangi gani njia ya maji. Chukua vipimo kwa macho. Chuoni kwako najua hamkosi injini iliyokufa, na msumeno wa chuma upo. Kama ungerudi na wazo hilo moja tu, safari imelipa.

Kuhusu AA yenyewe kuna kisa kizuri. Gari unaloliona Japani si la 1936. Kampuni haikuwa na hata moja lililobaki, ikabidi miaka ya 1980 waliunde upya kwa ajili ya maadhimisho yao. Kisha mwaka 2008 AA moja halisi ikajitokeza upande wa Vladivostok, Urusi, imechakaa, imefanyiwa matengenezo ya kienyeji na spea za magari mengine, na leo iko kwenye makumbusho ya Louwman huko Uholanzi. Yaani mwenye kiwanda ana nakala, na mgeni ana asili. Kisa hiki kikufundishe kuuliza swali moja mbele ya kila gari la zamani: hili ni lenyewe, limefufuliwa, au limeundwa upya? Kibao cha maelezo kwa kawaida hueleza. Tofauti ni kubwa kwa fundi. Gari lililoundwa upya linakuonyesha jinsi lilivyokusudiwa kuwa. Gari halisi lililochakaa linakuonyesha jinsi lilivyotumika, na welding zake za porini zina mafunzo yake.

Toyota wana makumbusho mengine, makubwa na maarufu zaidi, mjini Nagakute nje kidogo ya Nagoya. Yalifunguliwa mwaka 1989 na yanaonyesha magari kama 140 ya Ulaya, Marekani na Japani, si ya Toyota peke yake. Unakwenda kwa treni ya chini ya ardhi hadi Fujigaoka, kisha unapanda Linimo, treni inayoelea juu ya sumaku. Ni pazuri, panapendeza, na kama una nusu siku nenda. Ila ukiniambia uchague moja, chagua la matofali mekundu. Nagakute utaona historia ya magari ya dunia. Kule mjini utaona jinsi watu wasiojua kutengeneza gari walivyojifunza. Yote mawili hufungwa Jumatatu, kwa hiyo mapumziko yako yakiangukia siku hiyo usijisumbue.

Ukienda Nagakute, kazi yako iwe Land Cruiser. Usiniambie unaijua. Mwaka 1951 Toyota walitengeneza gari la kuendesha magurudumu manne lililoitwa BJ, na ndani yake waliweka injini ya lori, Aina B, iliyotokana na ile ile Aina A niliyokusimulia. Mwaka huo huo walilipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina la Land Cruiser lilikuja mwaka 1954, baada ya kuonekana kwamba Jeep ni jina lenye mwenyewe. Mfululizo wa 40 ukafuata mwaka 1960, na wa 70 mwaka 1984, ambao ndio hizi mkonga zinazobeba wagonjwa, askari wa wanyamapori na watu wa miradi mpaka leo.

Sasa mbele ya magari hayo fanya hivi. Inama. Wajapani hawatakushangaa, na kama watakushangaa, watakushangaa kwa adabu. Tazama chesisi na jinsi bodi ilivyofungwa juu yake, tazama ekseli nzima mbele na nyuma, tazama springi za vyuma bapa pande zote. Kisha kumbuka kwamba mwaka 1999 mfululizo wa 70 ulipewa springi za duara mbele, huku nyuma zikibaki zile zile bapa. Kwa nini mbele pekee? Mbele kuna usukani na dereva, nyuma kuna mzigo. Mwanafunzi wako anaweza kukariri jibu hilo, lakini akiliona kwa mpangilio wa miaka hatalisahau. Fanya hivyo hivyo kwa injini: 1HZ, dizeli ya silinda sita ya lita 4.2 isiyo na turbo, ilianza mwaka 1990, na mafundi wa Dodoma bado wanaiapia kwa sababu pampu yake haihitaji kompyuta. Mashangingi ya V8 yanayojaa barabara za Mji wa Serikali ni ukoo mmoja nayo, ila swali la kiwanda lilikuwa tofauti kabisa, na ndiyo maana gereji zetu zinayaogopa.

Ukipata siku moja ya ziada, shuka Hamamatsu. Iko kwenye reli ile ile ya mwendokasi kati ya Nagoya na Tokyo, ingawa si kila treni inasimama pale. Suzuki wana jumba lao la historia karibu na kituo cha Takatsuka, lilifunguliwa mwaka 2009, halina kiingilio, na nafasi huombwa mapema. Michio Suzuki naye alianza na mashine za kufuma, mwaka 1909. Utashangaa jinsi uzi ulivyozaa magari katika eneo lile. Lakini sababu ya kukupeleka huko ni Kirikuu. Suzuki Carry ilianza mwaka 1961, na sheria ya Japani ya magari madogo ndiyo iliyoiumba: injini isizidi sentimita za ujazo 360, baadaye 550 kuanzia mwaka 1976, kisha 660 kuanzia 1990, na upana usizidi kipimo kilichowekwa. Ukiona Kirikuu imebeba matenki ya maji au matofali kwenda Ihumwa, ikiwa imeelemewa hadi tairi zimetanuka, unaona gari lililobuniwa kwa kodi nafuu na vichochoro vya Japani likifanya kazi ambayo hakuna mhandisi wake aliyeiwaza. Wapelekee swali hilo. Kuwa na mtu anayeuliza kwa dhati kuhusu kazi ya gari lao katikati ya Tanzania si jambo la kila siku kwao.

Hapo nagusa upungufu wa sehemu zote hizi, ambao lazima uwe nao kichwani. Mkusanyiko wa kiwanda ni kumbukumbu ya mwenye kiwanda. Ataweka gari la kwanza, gari lililoshinda, gari zuri lililokosa wanunuzi. Gari lililolisha familia kwa miaka ishirini huku likibadilishwa injini mara tatu halina nafasi kubwa humo. Hiace iliyobeba abiria wa Mpwapwa na Kongwa utakayoiona kule itakuwa safi, ina viti vya kiwandani na haina kondakta. Na Kongwa yenyewe ina historia ya mitambo ambayo ingejaza jumba zima: mwishoni mwa miaka ya 1940, kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, vifaru vya vita vya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick, ili ving'oe visiki. Ardhi na ukame vikawashinda. Hadithi hiyo hakuna kiwanda cha Japani kitakachokuhifadhia, na sidhani kama tunapaswa kuwadai. Ni kazi ya watu wenye vyuo vya ufundi vilivyoko saa chache kutoka hapo, na sasa unajua ninamtazama nani.

Nipite haraka kwenye taratibu, maana hizi ndizo zinazowaangusha wengi. Barua ya maombi iwe fupi: wewe ni nani, unafundisha nini, mko wangapi, unaomba tarehe ipi na ipi, unataka kuona nini hasa. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Usiombe siku tatu kabla. Mwambie mwenyeji wa mafunzo yako mapema kwamba unataka kwenda. Kwanza ni adabu, pili yeye ndiye aliyekudhamini na ratiba ni yake, tatu simu moja ya Mjapani itafungua mlango ambao barua pepe zako kumi hazitaugusa. Ukipewa saa nne asubuhi, uwe mlangoni kabla ya saa nne. Huko hakuna "niko njiani". Maelezo ya mwongozaji Zama na Hamamatsu jiandae kuyasikia kwa Kijapani. Pakua programu ya kutafsiri kwenye simu, na kama kuna Mtanzania anayesoma huko, mbebe. Kugusa gari ni mwiko hata kama hakuna kamba. Picha uliza kwanza, video uliza mara mbili. Mwezi wa kumi umekaa vizuri, kwa sababu hautagongana na mapumziko ya viwanda ya mwanzo wa mwezi wa tano na katikati ya mwezi wa nane, ambapo sehemu nyingi za kampuni hufunga.

Kabla hujaondoka, soma. Toyota wameweka mtandaoni historia yao ya miaka 75 kwa Kiingereza, ndefu, yenye michoro na takwimu, bure. Isome jioni kidogo kidogo. Na ukishuka Dar kwa treni ya mwendokasi kupanda ndege, pitia Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, kuna magari ya zamani ya viongozi, ikiwamo Rolls-Royce aliyoitumia Mwalimu Nyerere. Yafanyie mazoezi yale ya kuinama na kuuliza. Ukishindwa kupata maswali matano mbele ya gari lililopita kwenye barabara zetu wenyewe, Zama hutapata hata mawili.

Na hao wanaokucheka kuhusu spea wana hoja nusu. Tiketi ya treni ya mwendokasi kutoka Nagoya hadi upande wa Tokyo na kurudi si hela ndogo kwa mshahara wa mwalimu. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: jengo la matofali mekundu lazima, na ulitengee siku nzima, Nagakute ukiwa na nafasi, Hamamatsu kama nauli inaruhusu, Zama iwapo tu nafasi imethibitishwa kwa maandishi na ikiwezekana mafunzo yenyewe yawe yanakupeleka upande wa Tokyo. Usipande treni kwenda Zama kwa matumaini. Ukikosa, hela hiyo kanunue vifaa vya kupimia kwenye maduka ya mafundi ya Nagoya. Mikromita nzuri na geji ya kompresheni vitawafaa wanafunzi wako kuliko picha ya Skyline, na mizigo haviongezi. Spea waachie wauza spea, kila wiki wanashusha makontena.

Ukithibitishiwa Zama, nitumie tarehe. Nina swali langu kuhusu springi za Patrol za zamani ambalo nataka umuulize mwongozaji, na nitakuandikia likiwa fupi ili programu ya kutafsiri isilivuruge.